Kiatu Chema cha Kukimbilia



Wahenga walinena: Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na kiatu nacho ni vivyo hivyo: apitaye njiani huuona uzuri wake tu, lakini maumivu yake huyajua mvaaji peke yake. Vijana wetu wengi, na watu wazima pia, wana desturi ya kukimbia alfajiri au jioni kwa ajili ya afya, na jambo hili ni la kusifiwa. Ila wako walioanza kwa bidii kisha wakaacha baada ya majuma machache, wala si kwa uvivu, bali kwa malengelenge, kucha zilizopiga weusi na visigino vilivyochubuka. Hao husema kuwa mbio hazikuwafaa, na kumbe kisichowafaa ni kiatu.

Tutazame habari ya Abebe Bikila, yule Mhabeshi mashuhuri. Mwaka 1960, katika michezo ya Olimpiki mjini Roma, alikimbia kilomita 42 na zaidi kwa miguu mitupu, akashinda kwa muda wa saa 2 na dakika 15. Inasimuliwa kuwa viatu alivyovipata huko havikumkaa vizuri, ndipo akaona heri aviache. Miaka minne baadaye, mjini Tokyo, alivaa viatu, akashinda tena kwa muda mfupi zaidi, saa 2 na dakika 12. Basi mtu asidhani kuwa fundisho la habari hii ni kutupa viatu. Nyayo za Bikila zilikuwa zimezoea ardhi, na zetu nyingi hazikuzoea. Fundisho lake ni kwamba kiatu kisichokukaa chaweza kuwa adui kuliko kukosa kiatu.

Je, kiatu kinachofaa hujulikanaje? Kwa miaka mingi wauzaji waliangalia uvungu wa wayo, wakasema mwenye wayo bapa avae kiatu cha namna hii, na mwenye wayo wa kupinda avae cha namna ile. Jeshi la Marekani lilijaribu jambo hilo kwa askari wake wapya, na majibu yaliyotolewa mwaka 2009 na 2010 yalionyesha kuwa kugawa viatu kwa umbo la wayo hakukupunguza majeraha. Mwaka 2015 Benno Nigg wa Chuo Kikuu cha Calgary, nchini Kanada, pamoja na wenzake, walitoa rai kuwa mkimbiaji achague kiatu anachokiona chepesi kwake na chenye raha mguuni. Rai hii ni faraja kwa asiye na fedha nyingi, kwani raha haiandikwi katika bei.

Yafaa basi kwenda dukani jioni, kwa sababu miguu huvimba kidogo kwa shughuli za mchana, na huvimba pia mtu akimbiapo. Chukua soksi zile zile utakazokimbilia. Vaa viatu vyote viwili, kwani kwa watu wengi mguu mmoja ni mkubwa kuliko wa pili. Chagua kwa kuufuata ule mkubwa. Kisha simama wima, na baina ya ncha ya kidole kirefu kuliko vyote na ncha ya kiatu pawe na nafasi ya upana wa dole gumba la mkono. Vidole viweze kuchezacheza, kisigino kishikwe kisipande na kushuka, na ubavu wa mguu usibanwe. Tembea, kisha kimbia kidogo. Muuzaji akikuambia, "Kitalegea ukikizoea," usimkubalie. Kiatu cha mbio yapasa kiwe na raha tangu siku ya kwanza.

Anayenunua mtumba naye ana la kuangalia. Pinda kiatu, bonyeza soli kwa kidole, kisha kiweke juu ya meza na ukitazame kwa nyuma. Kikiwa kimelalia upande mmoja, hicho kimekwisha kufuata mwendo wa mwenyewe wa kwanza, nacho kitaulazimisha mguu wako uende kwa mwendo wa mtu mwingine. Hata kiatu kipya huchoka: sponji yake hupoteza nguvu, kwa kadiri, baada ya kilomita 500 hadi 800, ijapokuwa kwa juu kingali kizuri.

Wazazi nao wakumbuke mambo mawili. La kwanza, mguu wa mtoto hukua upesi, naye mara nyingi hasemi kuwa kiatu kinambana, ama kwa kukipenda, ama kwa kumwonea haya baba asiingie gharama. Mpime kila baada ya miezi michache, wala usimnunulie kikubwa mno kwa nia ya kukifaidi miaka miwili. La pili, mwenye kisukari aweza kuwa na ganzi ya miguu, asihisi kijiwe wala mshono unaomkwaruza, na kidonda kidogo kikamfikisha pa kukatwa mguu. Huyo atie mkono ndani ya kiatu kabla ya kukivaa, atazame nyayo zake kila siku, na kabla ya kuanza mbio amwulize tabibu.

Mguu ni amana, nao ndio utuchukuao maisha yetu yote. Wakati wa kununua, tuusikilize huo kabla ya kuyasikiliza macho yetu.