Mbwa anajikuna usiku kucha? Tafuta viroboto kabla hawajajaa nyumbani

Katika parseli nyingi za Goma, Bukavu na Bunia, mbwa ndiye mlinzi wa usiku. Akianza kujikuna na kujiuma mgongo, wengi wetu husema ni tabia ya mbwa tu. Lakini mara nyingi ni viroboto, na wanaolala karibu naye, hasa watoto, ndio wanaofuata kuumwa.

Kiroboto ni mdudu mdogo wa rangi ya kahawia iliyoiva, mwenye urefu wa milimita 1 hadi 3. Ana miguu sita, hana mabawa, na mwili wake umebanwa ubavuni, ndiyo maana anapita haraka kati ya manyoya. Ukitaka kumshika, anaruka. Kupe ni tofauti: yeye hujishikiza kwenye ngozi, anatulia pale pale na kuvimba kwa damu.

Kumpima mbwa hakuhitaji chombo cha bei. Mlaze mahali penye mwanga, kisha fungua manyoya kwa vidole. Anzia kiunoni karibu na mkia, halafu tumboni, kwenye mapaja kwa ndani, shingoni na nyuma ya masikio. Angalia ngozi yenye wekundu, vidonda au sehemu zilizonyonyoka.

Hata usipomuona kiroboto mwenyewe, tafuta uchafu wake. Weka kitambaa cheupe au karatasi ya chooni chini ya mbwa, mchane kwa chanuo lenye meno yanayobanana, kisha lowanisha kwa maji punje nyeusi zilizoanguka. Zikitoa rangi nyekundu, ni mavi ya kiroboto, yaani damu ya mbwa iliyosagwa. Zikibaki nyeusi, huenda ni vumbi tu. Chanuo uliloteleza juu ya manyoya lichovye katika maji ya sabuni ili viroboto wafe.

Kwa mtoto wa mbwa, fungua pia mdomo. Ufizi ukiwa mweupe, damu imepungua na anaweza kufa. Mpeleke kwa veterinere bila kungoja. Vipande kama punje za mchele karibu na mkundu ni dalili ya tegu, mnyoo ambao mbwa huupata akimeza kiroboto. Mtoto wa mtu pia anaweza kuupata kwa njia hiyo hiyo.

Kuogesha mbwa peke yake hakutoshi. Jike mmoja anaweza kutaga mayai 40 kwa siku, na mayai hayo huanguka pale mbwa anapolala. Fua matandiko yake kwa maji ya moto, yaanike juani, fagia nyufa na pembe zote, na rudia kwa wiki kadhaa. Wanyama wote wa nyumbani watibiwe siku moja.

Usimpake mbwa mazuti, esansi wala dawa ya shamba: vinachoma ngozi, naye huvimeza akijilamba. Dawa ya mbwa yenye permetrini usimpe paka, inaweza kumuua. Uliza veterinere dawa na kipimo kulingana na uzito.

Kwa ndugu zetu wa Ituri, jambo hili ni zito zaidi. Tauni ingali inaonekana huko, na mwaka 2020 ililipuka katika eneo la afya la Rethy. Viroboto wa panya ndio wanaoibeba. Panya akifa, viroboto wake hutafuta damu nyingine, na mbwa au paka anaweza kuwaleta ndani. Ukiona panya wengi wamekufa ovyo, usiwashike kwa mikono mitupu; julisha kituo cha afya. Mtu mwenye homa kali na uvimbe unaouma kinenani, kwapani au shingoni apelekwe siku hiyo hiyo. Tauni inapona kwa dawa za antibiotiki, lakini haingojei.

Jioni ya leo, kabla ya kumfungulia mbwa wako aende kulinda, mpe dakika tano za mwanga na chanuo.