Kwa Nini Krimu Inakutaka Uvue Pete

Baadhi ya krimu na sabuni za kung'arisha ngozi huandikwa onyo la ajabu kwenye maelezo yake: zisiguse dhahabu, fedha, alumini wala mpira. Mnunuzi hudhani ni uungwana wa mtengenezaji, asiiharibu pete ya mtu. Mchimbaji mdogo wa dhahabu wa Geita, Tanzania, akilisoma onyo hilo hahitaji kuelezwa zaidi. Yeye hununua zebaki kwa sababu hiyo hiyo: ikichanganywa na mchanga wenye dhahabu, huinasa dhahabu na kugandamana nayo. Krimu inayoikwepa pete ni krimu ya kutiliwa shaka.

Jambo hili linawagusa sana wakazi wa Nkungu na majirani zao. Nkungu ni mmoja wa mirenge 18 ya Wilaya ya Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda. Ni wilaya ya mpakani, ambako kuvuka kwenda Bukavu, Kongo, kutafuta riziki na kurudi jioni ni mambo ya kila siku. Vipodozi vilivyopigwa marufuku Rwanda navyo vinaijua njia ya magendo. Novemba 2018 Rais Paul Kagame aliandika kwenye Twitter akitaka Wizara ya Afya na polisi wadhibiti haraka mukorogo, kama unavyoitwa huko, na msako ukaanza madukani. Makopo yalikusanywa kwa wingi. Hamu ya kung'aa haikukusanywa.

Lakini tusiyatie madini yote katika kapu moja. Binadamu amejipaka madini tangu zamani mno, na mengi hayakumdhuru. Huko Olorgesailie, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, watafiti walitangaza mwaka 2018 kwamba wamepata mawe ya rangi yaliyosagwa na watu wa kale takriban miaka 300,000 iliyopita. Katika pango la Blombos, Afrika Kusini, yalipatikana makombe ya baharini yaliyotumika kuchanganyia unga mwekundu miaka 100,000 iliyopita. Unga huo ni ngeu, ile rangi ya udongo ambayo mafundi seremala wa pwani walipigia mistari, na wekundu wake ni oksidi ya chuma. Kipaji cha moran wa Kimaasai na mafuta mekundu wanayojipaka wanawake wa Wahimba wa Namibia vinatokana na madini hayo hayo. Hata ardhi nyekundu ya vilima vya Rusizi imepata rangi kwa chuma kilichoshika kutu.

Oksidi ya chuma haiyeyuki katika jasho wala mafuta, kwa hiyo hukaa juu ya ngozi mpaka ioshwe. Udongo mweupe, ambao Wanyarwanda huuita ingwa na kuutumia katika michoro ya imigongo, nao ukipakwa hubaki juu. (Kuula, kama wafanyavyo wajawazito wengi wa Afrika Mashariki wanaonunua vidonge vya udongo sokoni, ni habari nyingine, kwa maana baadhi ya udongo huo umepimwa ukakutwa na risasi.)

Risasi ndiyo inayotufikisha kwenye wanja. Wamisri wa kale walisaga galena, jiwe jeusi lenye risasi, wakajipaka machoni. Mwaka 1998 ilichapishwa taarifa ya uchunguzi wa wanja zinazotumika Oman: nyingine zilikuwa masizi tu, nyingine zilikuwa galena. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Mtoto aliyepakwa wanja hujifikicha, kisha hulamba vidole, na risasi hudhoofisha ubongo unaokua. Wanja wa mtoto mchanga, kwa maoni yangu, ni mila inayoweza kuachwa bila mtu kupoteza kitu.

Zebaki inazidi hayo yote. Wachina na Warumi waliitumia katika sinabari, jiwe jekundu lililotoa rangi ya kupendeza, lakini watengenezaji wa krimu hawaitafuti rangi yake. Wanachotaka ni chumvi zake nyeupe, kwa sababu hupenya ngozi na kukizuia kimeng'enya kinachotengeneza melanini, rangi ya asili inayotukinga na jua. Ngozi hung'aa kwa muda. Zebaki nayo huingia katika damu na kufika kwenye figo.

Nairobi ililiona hilo mapema. Mwaka 1972 madaktari walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 60 waliokuwa wamevimba mwili kwa sababu figo zao zilikuwa zikivujisha protini kwenye mkojo. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu zenye zebaki, na baadhi walipata nafuu walipoziacha. Wakati huo huo Ulaya ilikuwa ikijilinda: mwaka 1976 ilikataza zebaki katika vipodozi vya watu wake, lakini sabuni ya zebaki ikaendelea kutengenezwa huko na kuuzwa Afrika. Biashara hiyo ilifungwa kisheria mwaka 2003. Miaka 27 hiyo inanikera kuliko magendo yoyote ya Rusizi.

Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika Agosti 2017, uliruhusu kipodozi kiwe na zebaki isiyozidi sehemu moja katika milioni. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kukifuta hata kiwango hicho kufikia 2025.

Wengi wanaojipaka mukorogo hawatafuti weupe. Wanataka madoa ya chunusi au ya mimba yaondoke. Madoa hayo hukolezwa na jua, pamoja na mwanga wa kawaida unaoonekana. Oksidi ya chuma huuzuia mwanga huo, ndiyo maana madaktari wa ngozi hupendekeza krimu za kukinga jua zilizotiwa rangi ya udongo kwa ajili ya madoa hayo. Ni chuma kile kile cha Olorgesailie.

Mwenye kopo nyumbani atafute kwenye maelezo herufi Hg, au maneno mercury, mercuric, mercurous na calomel. Maelezo yasipotaja viambato kabisa, hiyo pia ni dalili mbaya. Asilichome moto, kwa sababu mvuke wa zebaki huvutwa na kila aliye karibu. Alifunge vizuri ndani ya mfuko wa plastiki, aoshe mikono, kisha aulize kituo cha afya pa kulipeleka. Mashuka na taulo huhamisha zebaki kwa watoto ambao hawajawahi kujipaka chochote. Na anayevimba uso asubuhi au miguu jioni, akifika kwa daktari, ataje krimu kabla hajaulizwa. Mkojo wake utapimwa protini, na zebaki pia pale ambapo kipimo kipo.