Kabla ya kuweka mtaji, uliza akaunti ni ya nani

MFANYABIASHARA anayefungua akaunti ya kampuni benki huulizwa kwanza majina ya watia saini: nani ataidhinisha malipo, wangapi kwa pamoja, na hadi kiasi gani. Lakini akaunti nyingine ambayo kampuni nyingi ndogo zinaitegemea siku hizi, ile ya kuwekea programu za simu sokoni, mara nyingi hufunguliwa bila maswali hayo. Kijana anayejua kompyuta hutumwa aifungue, naye huifungua kwa barua pepe yake na kwa jina lake. Programu inapoanza kuleta fedha ndipo wenye kampuni wanapogundua kwamba biashara ni yao, ila hati ya duka iko mfukoni mwa mfanyakazi.

Masoko makubwa ya programu hizo ni mawili. Apple hutoza watengenezaji dola 99 kwa mwaka, na Google hutoza dola 25 mara moja tu. Ni fedha ndogo, na pengine hapo ndipo uzembe unapoanzia, kwani hakuna mkurugenzi anayeitisha kikao kwa ajili ya dola 25. Yote mawili huruhusu kujiandikisha kama mtu binafsi au kama kampuni. Kampuni hutakiwa kuonyesha namba ya D-U-N-S, inayotolewa na shirika la Dun & Bradstreet kuitambulisha biashara. Wapo wanaokwepa usumbufu huo kwa kujiandikisha kama watu binafsi. Kwa Apple, matokeo yake ni kwamba jina analoliona mteja kama muuzaji ni la mtu huyo, si la kampuni.

Katika akaunti ya kampuni ya Apple, Mwenye Akaunti ni mmoja tu. Ndiye anayekubali mikataba kwa niaba ya kampuni, kulipia mwaka mpya na kuanzisha uhamisho wa programu kwenda akaunti nyingine. Wengine hupewa nafasi zilizo chini yake. Mhasibu anaweza kuona mauzo na malipo bila kuigusa programu, na fundi anaweza kupandisha toleo jipya bila kushughulikia hesabu za benki.

Google hugawa ruhusa kwa vipande vidogo zaidi. Ruhusa ya kutoa toleo la majaribio si ile ya kulitoa kwa umma, na ya kuona takwimu za fedha si ile ya kushughulikia oda na kuwarudishia wateja fedha zao. Hiyo ya mwisho inastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa anayepewa amekabidhiwa droo ya fedha. Aidha, ruhusa inaweza kuwekewa tarehe ya kwisha, jambo linalomfaa mwajiri wa fundi wa mkataba wa miezi mitatu.

Hata hivyo, katika ofisi yenye watu watano ni rahisi zaidi kumpa kila mtu usimamizi wote, au kibaya zaidi, kutumia neno moja la siri lililoandikwa ukutani. Halileti matatizo hadi siku mmoja wao anapoondoka.

Na kuondoka huko hakuzisumbui kampuni ndogo peke yake. Aprili 2022 kampuni ya Block ya Marekani ilitangaza kwamba mfanyakazi wake wa zamani alikuwa amepakua taarifa za wateja wa Cash App Investing, huduma inayowawezesha watu wa kawaida kununua hisa kwa simu. Alipokuwa kazini, kuziona taarifa hizo kulikuwa sehemu ya kazi yake. Alizipakua tarehe 10 Desemba 2021, ajira yake ikiwa imekwisha. Humo mlikuwa na majina kamili na namba za akaunti za hisa, na kwa baadhi ya wateja, thamani ya hisa walizonazo. Kampuni ililazimika kuwapa taarifa wateja wapatao milioni 8.2, wa sasa na wa zamani.

Kampuni ya Code Spaces, iliyokuwa ikiwahifadhia watengenezaji kazi zao za programu, haikupata hata nafasi ya kuomba radhi na kuendelea. Juni 2014 mhalifu aliingia katika akaunti yake ya Amazon na kudai fedha. Wenye kampuni walipojaribu kumtoa walikuta ameshajitengenezea njia nyingine za kuingilia, naye akaanza kufuta. Nakala nyingi za akiba zilifutwa pia, kwa kuwa zilikuwa chini ya akaunti hiyo hiyo. Kwa maelezo ya kampuni yenyewe, yote yalitokea ndani ya saa 12, na biashara ikafungwa.

Kwa mwekezaji mdogo anayeombwa kununua hisa katika kampuni changa ya programu, ukaguzi huu hauhitaji mtaalamu. Afungue duka kwenye simu yake na asome jina la muuzaji. Likiwa ni la mtu binafsi, aulize uhamisho utafanyika lini, na asikubali kulipa kabla haujafanyika. Masoko yote mawili huruhusu programu kuhamishwa pamoja na watumiaji wake na maoni yao, lakini ombi sharti lianzie upande wa anayemiliki akaunti. Akiwa ameondoka kwa ugomvi, au amefariki, hata namba za uthibitisho zinaweza kuwa zinaingia kwenye simu yake. Mwekezaji aombe pia orodha ya wote wenye ruhusa na ailinganishe na orodha ya mishahara. Jina lililo katika ya kwanza na halimo katika ya pili lipatiwe maelezo.

Kadi inayolipia ada nayo iulizwe ni ya nani. Ada ya mwaka ya Apple isipolipwa, programu huondolewa dukani. Walioipakua huendelea kuitumia, lakini mteja mpya haioni. Kampuni yenye mauzo ya maelfu ya dola inaweza kukaa bila mteja mpya hata mmoja kwa sababu ya dola 99, ambazo zilikuwa zikikatwa kwenye kadi ya kijana aliyeacha kazi miezi sita iliyopita.