Nguvu za Mtu Mzima Zatafutwa kwa Pamoja

Wahenga walinena kwamba ujana ni moshi, ukienda haurudi. Kwa upande wa miaka maneno hayo ni kweli tupu. Kwa upande wa nguvu za mwili yafaa yafikiriwe upya. Wanaume wengi wa pwani yetu, tangu Mwera na Pangani hadi Tanga mjini, wakishapita miaka arobaini huupokea udhaifu kama hukumu isiyo na rufaa. Mtu huanza kwa kushika goti kila ainukapo mkekani, kisha humwita kijana amchukulie ndoo ya maji, na mwisho husali juu ya kiti. Dini imempa ruhusa asiyeweza, wala hapana wa kumlaumu. Lakini si kila aliye juu ya kiti amefikishwa hapo na maradhi. Wengine wamefikishwa na kukaa.

Elimu ya tiba imekwisha kulieleza jambo hili. Tangu kiasi cha umri wa miaka 30 misuli ya binadamu hupungua kwa kadiri ya asilimia 3 hadi 8 kila miaka kumi, na baada ya miaka 60 kasi huzidi. Misuli ndiyo imzuiayo mzee asianguke na kuvunjika nyonga. Ndiyo pia itumiayo sehemu kubwa ya sukari iliyomo mwilini, na kwa hiyo ikipungua kisukari hupata njia.

Hata hivyo, kilichopotea chaweza kurudi. Mwaka 1990 madaktari wa Boston, nchini Marekani, walitangaza matokeo ya mazoezi waliyowapa wazee kumi dhaifu wa nyumba ya kutunzia wazee, wenye umri wa miaka 86 hadi 96. Kwa majuma manane wazee wale walinyanyua uzito kwa miguu, na waliomaliza waliongeza nguvu za miguu kwa wastani wa asilimia 174. Ikiwa mtu wa miaka 90 aweza, wa miaka 50 ana udhuru gani?

Babu zetu hawakuhitaji kuambiwa haya, kwa kuwa kazi zao zilikuwa ndizo mazoezi, na zilifanywa na wengi. Jahazi lilivutwa pwani kwa mikono mingi na sauti moja. Msaragambo ulipoitwa, vijana kwa watu wazima walitoka kufyeka njia. Katika mashamba ya mkonge ya Mwera, mkataji aliinama na kubeba mizigo ya majani hadi kazi yake ya siku ikaisha. Leo mkonge hauchukui tena watu wengi kama zamani, na mtu mzima mara nyingi ni karani, dereva, mwenye duka au mstaafu. Mtumishi wa umma hustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na 60. Kisha huhamia barazani kwenye bao na kahawa.

Baraza si adui. La hasha! Baraza ni kikundi kilichokwisha kuundwa, chenye watu wanaojuana na kuaminiana. Linalotakiwa ni kwamba wale wale wachezao bao pamoja watoe nusu saa kabla ya kuketi, siku mbili kwa juma. Wachuchumae na kuinuka. Wapige pushapu, kwanza ukutani, kisha chini. Wabebe ndoo mbili za maji kwa hatua zilizohesabiwa. Wanyanyue bomba lenye makopo ya zege ncha zote mbili, kama wafanyavyo vijana wa mitaani. Waanze na uzito mdogo na kuuongeza polepole, wala wasizuie pumzi wakati wa kunyanyua. Mwenye shinikizo la damu, maradhi ya moyo au ngiri amwone daktari kwanza.

Kwa nini pamoja? Kwa sababu mtu peke yake huahirisha. Aliye na wenzake huhesabiwa, husaidiwa mzigo ukimlemea, na asipoonekana hutumwa mtu kumwulizia. Aonaye haya kutoa jasho mbele za watu akumbuke kwamba Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere, akiwa na umri wa miaka 45, alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya maili 130, kuunga mkono Azimio la Arusha. Wala hakutembea peke yake.

Taifa halikulala. Zanzibar huadhimisha Siku ya Mazoezi Kitaifa kila Januari Mosi. Bara, Desemba 2016, Ndugu Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi. Ni mambo ya kusifiwa, lakini misuli haitosheki na siku moja kwa mwezi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, lashauri mazoezi ya nguvu angalau siku mbili kwa juma, na kwa waliofikia miaka 65, siku tatu za mazoezi ya nguvu na ya kujimudu wasianguke.

Gharama yake ni saruji ya makopo mawili na ahadi ya kufika. Viwanja vya shule huwa wazi jioni, na viongozi wa vijiji wanaweza kuviombea ruhusa. Wenye kuanza si serikali wala daktari, bali watu wanne au watano wa baraza moja, waliokubaliana siku na saa.