Kengele Tatu za Balangiga

Tarehe 15 Desemba 2018, waumini wa Balangiga, mji mdogo wa pwani katika kisiwa cha Samar nchini Ufilipino, walizipokea kengele tatu za kanisa lao. Zilikuwa ugenini kwa miaka 117. Mbili zilikaa katika kambi ya jeshi la anga la Marekani huko Wyoming, na ya tatu ilihifadhiwa na kikosi cha Marekani kilichoko Korea Kusini.

Askari wa Kimarekani walizichukua mwaka 1901 zikiwa nyara za vita. Katika vikosi hivyo zilienziwa kama ukumbusho wa wenzao waliouawa. Kwa Wabalangiga zilikuwa mali ya kanisa, iliyoporwa baada ya mji wao kuteketezwa. Mvutano huo wa zaidi ya karne moja hauwezi kueleweka bila kurudi mwaka 1898, Marekani ilipovuka bahari na kujitwalia koloni barani Asia.

Mwaka huo Marekani iliingia vitani na Hispania kwa sababu ya Cuba, lakini pigo kubwa la kwanza lilitua mbali sana na Cuba. Tarehe 1 Mei, manowari za George Dewey ziliangamiza zile za Wahispania katika Ghuba ya Manila kwa asubuhi moja tu. Wafilipino nao walikuwa wamekwisha kushika silaha dhidi ya Hispania tangu 1896. Kiongozi wao, Emilio Aguinaldo, alirejeshwa kutoka uhamishoni Hong Kong kwa meli ya Marekani, akaamini amepata mshirika. Tarehe 12 Juni alitangaza uhuru nyumbani kwake Kawit.

Uhuru huo haukutambuliwa. Mwezi Agosti makamanda wa Marekani na Hispania walipatana kwa siri kuigiza pambano, ili Manila ikabidhiwe kwa Wamarekani huku wapiganaji wa Kifilipino wakizuiwa nje ya kuta za mji. Desemba, katika mkataba wa Paris, Hispania iliiachia Marekani visiwa hivyo kwa dola milioni 20. Felipe Agoncillo, mwakilishi wa Wafilipino, alifunga safari hadi Paris, lakini hakupewa kiti katika mazungumzo yaliyoamua hatima ya nchi yake.

Wapo Wamarekani waliopinga. Mwandishi Mark Twain na tajiri Andrew Carnegie walikuwa miongoni mwa walioona kwamba taifa lililozaliwa kwa kumkataa mfalme wa Uingereza halina haki ya kuwatawala wengine bila ridhaa yao. Hoja hiyo nusura ishinde: Februari 1899 Seneti iliupitisha mkataba kwa kura 57 dhidi ya 27, kura moja tu zaidi ya theluthi mbili zilizohitajika. Siku mbili kabla ya kura hiyo, risasi zilikuwa zimeanza kurindima Manila kati ya Wamarekani na Wafilipino.

Rais William McKinley alikuwa ametangaza kwamba nchi yake inakuja kama rafiki, wala si mvamizi. Wapo askari wake ambao hawakuliona hilo. David Fagen, kijana mweusi kutoka Florida aliyetumikia kikosi cha 24 cha askari wa miguu, alilitoroka jeshi mwishoni mwa 1899, akajiunga na Wafilipino na kupewa cheo cha kapteni. Jeshi lilitangaza zawadi ya dola 600 kwa atakayemkamata.

Machi 1901 Aguinaldo alikamatwa, na wengi mjini Washington wakadhani vita vimekwisha. Agosti mwaka huo meli ya Thomas ilitia nanga Manila ikiwa na walimu wapatao 500 wa Kimarekani, waliotumwa kufundisha kwa Kiingereza katika shule za umma. Mwezi huohuo Kompania C ya kikosi cha 9, ambacho mwaka uliotangulia kilikuwa kikipigana China, ilipiga kambi Balangiga. Kazi yake ilikuwa kuifunga bandari ili chakula na silaha zisiwafikie wapiganaji wa Jenerali Vicente Lukbán, aliyekuwa bado anapigana Samar.

Uhusiano na wenyeji uliharibika haraka. Kapteni Thomas Connell aliamuru mji usafishwe, akawakamata wanaume wapatao themanini na kuwasonga ndani ya mahema mawili usiku kucha. Mapanga yao yalichukuliwa, na mchele wao ukatwaliwa.

Asubuhi ya tarehe 28 Septemba, askari wakiwa kwenye kifungua kinywa na bunduki nyingi zikiwa mbali nao, mkuu wa polisi wa mji, Valeriano Abanador, alimpokonya mlinzi silaha. Kengele ya kanisa ikalia. Mamia ya wanaume wakawavamia askari kwa mapanga. Kati ya askari 74, 48 walipoteza maisha. Walionusurika walikimbia kwa mashua.

Kisasi kilikuwa kikali. Wamarekani walirudi siku iliyofuata, wakazika wafu wao na kuuchoma mji. Kisha Jenerali Jacob Smith akaagiza Samar igeuzwe nyika, na auawe kila anayeweza kubeba silaha. Alipoulizwa mpaka wa umri, alitaja miaka kumi. Vijiji vilichomwa, ghala za mchele zikateketezwa, mifugo ikachinjwa. Habari zilipofika Marekani zilizusha hasira, na mwaka 1902 Smith akashtakiwa katika mahakama ya kijeshi. Adhabu yake ilikuwa onyo. Rais Theodore Roosevelt alimstaafisha, na hapo kesi ikaisha.

Ufilipino ilipata uhuru tarehe 4 Julai 1946, siku ileile ambayo Marekani huadhimisha uhuru wake. Mwaka 1962 Wafilipino waliihamishia sikukuu hiyo tarehe 12 Juni, siku ya tangazo la Kawit. Kengele zilichukua muda mrefu zaidi. Baadhi ya mashirika ya maveterani yalipinga zisirudishwe, na sheria ya Marekani ilizuia kumbukumbu za vita kukabidhiwa nchi za nje. Upande wa pili, maaskofu na marais wa Ufilipino walizidai mara kwa mara, huku watafiti wakipekua nyaraka za pande zote mbili, akiwemo mwanahistoria Rolando Borrinaga. Hatimaye kizuizi cha sheria kililegezwa, na mwaka 2018 waziri wa ulinzi wa Marekani, James Mattis, akaidhinisha zirudi.

Deni moja bado halijalipwa. Majina ya askari waliouawa Balangiga yamo katika kumbukumbu za jeshi lao, lakini hadi leo haijulikani ni Wasamar wangapi walikufa katika kisasi kilichofuata. Wapo wanaokadiria watu 2,500, na wapo wanaotaja makumi ya maelfu. Pengo kubwa kiasi hicho linaonyesha kwamba waliokuwa na kalamu na madaftari wakati ule hawakuona haja ya kuwahesabu watu hao, na watafiti wa Samar wanastahili kila msaada katika kuwatafuta.