Mtambo wa Upepo: Tuuboreshe Kabla ya Kununua wa Pili

Kamati za parokia hutuuliza kama fedha za wafadhili zinunue mtambo wa pili pale wa kwanza unaposhindwa kuchaji betri. Tunashauri kwanza kuuboresha uliopo.

Mtambo wa mhimili wa wima aliobuni Sigurd Savonius wa Finland miaka ya 1920 unaweza kutengenezwa kwa pipa lililopasuliwa nusu mbili, zikapangwa kama herufi S. Hupokea upepo wa pande zote, lakini upepo mwingi huponyoka juu na chini. Zibeni ncha zote mbili kwa bati la duara. Nusu hizo zipishane kidogo katikati, ili upepo utoke moja na kuisukuma nyingine. Kipande cha tatu, ambacho mafundi hupenda kuongeza, hupunguza nguvu.

Kisha mlingoti. Paa la kanisa na miembe huzuia upepo, na upepo wa mita 4 kwa sekunde una nguvu zaidi ya mara mbili ya ule wa mita 3. Bomba refu lenye waya imara tutaligharamia kwa moyo mweupe.

Hata hivyo, kwa kawaida mtambo huu hunasa chini ya robo ya nguvu ya upepo. Unafaa kwa taa na redio, si mashine ya kusaga.