WEWE NI WA WAPI? SWALI LILILOFIKA MAHAKAMANI

Nyinyi mlio jeshini na katika polisi mnalijua vema swali ambalo askari huulizwa kila apatapo uhamisho: "Wewe ni wa wapi?" Pengine ni swali la ukarimu, pengine ni mlango unaofungwa. Leo twapenda kuwaeleza jinsi swali hilo lilivyofikishwa mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa sababu ya bibi mmoja aliyetaka kazi ya uwakili.

Nchini Marekani hakuna leseni moja ya uwakili kwa nchi nzima. Kila jimbo hujiamulia ni nani atakayesimama mbele ya korti zake. Bibi Kathryn Piper aliishi katika jimbo la Vermont, yadi 400 hivi kutoka mpaka wa jimbo la New Hampshire. Mwaka 1980 alifanya mtihani wa uwakili wa New Hampshire akafaulu, na huko Littleton, ng'ambo ya mpaka, palikuwa na wakili aliyeelekea kumpa kazi. Lakini aliambiwa kwamba hataapishwa asipokuwa na makazi ndani ya jimbo hilo. Aliomba asamehewe sharti hilo, kwa kuwa mkopo wa nyumba yake ulikuwa na riba nafuu, na yeye na mumewe walikuwa wamepata mtoto karibuni. Alikataliwa, naye akashtaki.

Wakuu wa New Hampshire walidai kwamba wakili asiye mkazi hatajua kanuni za mahali, hatakuwa mwadilifu, hatapatikana kesi inapoitwa, wala hatawatumikia maskini bila malipo. Tarehe 4 Machi 1985 Mahakama ya Juu ilizikataa hoja hizo zote. Ilisema kwamba aliyejitaabisha kufaulu mtihani atajitaabisha pia kujifunza kanuni. Na ikiwa anakaa mbali, hakimu aweza kumtaka ashirikiane na wakili wa mahali.

Hivyo sheria ilifungua mlango. Hata hivyo, mwajiri angali anauliza. Katika miji midogo ya Marekani, mwenye ofisi ya uwakili hutumia fedha na muda mwingi kumfundisha kijana, naye huogopa kwamba kijana huyo atakimbilia mji mkubwa mara apatapo ujuzi. Kwa hiyo mwombaji mwenye busara hangoji kuulizwa. Katika barua yake hutaja shule aliyosoma huko, wakwe zake, kazi ya mwenzi wake, au miezi aliyojitolea katika korti ya mahali hapo. Asiye na lolote kati ya hayo huanza kulijenga, wala hasemi uongo. Maana katika mji mdogo uongo haukai siku nyingi.

Jambo hili lawagusa askari hasa. Mume au mke wa askari wa Marekani aliye wakili huhamishwa kila baada ya miaka michache, na zamani mara nyingi alirudishwa kwenye mtihani. Mwaka 2012 jimbo la Idaho lilikuwa la kwanza kuweka kanuni ya kuwawezesha mawakili wa namna hiyo kufanya kazi bila mtihani mpya, wakati wenzi wao wanapotumikia jeshi huko. Majimbo mengi yamefuata.

Sisi twaona kwamba si kosa kumwuliza mtu kama atadumu. Kosa ni kumpima kwa mahali alipozaliwa, bila kutazama alilotenda. Nanyi, ndugu askari, siku mtakapovua sare na kuomba kazi nyingine, msione haya kuandika vituo mlivyotumikia na watu mliowahudumia. Askari aliyelinda wilaya miaka mitano, akajua njia zake, lugha yake na shida za watu wake, si mgeni tena wa wilaya hiyo. Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aliyekwisha kulima nasi, tumwite mwenyeji.